Chembe za nano zinazong'aa kwenye kipimo cha kinyama: maana yake

Mgonjwa akikatwa kinyama kwenye titi, maabara hukiloweka kwenye formalini, hukizamisha kwenye nta, kisha hukata utando wa mikromita 4 hivi na kuulaza juu ya kioo cha hadubini. Swali mojawapo linalofuata: je, seli hizi zina protini iitwayo HER2, na ni nyingi kiasi gani? Protini ya namna hiyo, ambayo wingi wake unaeleza ugonjwa ukoje na dawa gani itafaa, ndiyo bayomaka.

Kwa kawaida huwekwa kingamwili inayoinasa HER2, halafu kemikali inayoacha rangi ya kahawia pale iliponasa. Daktari wa patholojia anatazama na kutoa alama: 0, 1+, 2+ au 3+. Kwenye 3+ hakuna ubishi, seli zimezungushiwa pete ya kahawia iliyokolea. Tabu iko chini. Kati ya 0 na 1+ wataalamu wawili wanaweza kukitazama kioo kimoja wakapishana, na zamani haikudhuru kitu kwa kuwa zote mbili zilihesabiwa hasi. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya trastuzumab deruxtecan kwa saratani ya titi iliyosambaa yenye HER2 kidogo. Ghafla ule ukahawia wa kubahatisha ukawa na uzito.

Rangi zinazong'aa, za kutumika badala ya ule ukahawia, zipo siku nyingi, ila zina kero moja: ukizimulika kwa mwanga wa buluu au wa urujuani, kinyama chenyewe nacho kinang'aa, hasa kolajeni na chembe nyekundu za damu. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili. Mbalamwezi ikiwaka hawatoki na karabai. Taa ni ile ile, kilichokosekana ni kiza.

Chembe za nano zinazozungumzwa hapa zinakirudisha kiza. Ni fuwele za floridi ya sodiamu na itriamu, zenye ukubwa wa makumi ya nanomita, zilizotiwa metali mbili, iterbiamu na erbiamu kidogo. Humulikwa kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya nanomita 980 hivi. Iterbiamu hunyonya fotoni (punje ya mwanga) na kumpa jirani yake erbiamu. Ikimpa na ya pili, erbiamu huchanganya nguvu za zote mbili na kutoa fotoni moja ya kijani. Mfaransa François Auzel aliueleza mchango huu mwaka 1966. Jambo hili ni kinyume cha kawaida, maana vitu vingi vinavyong'aa hutoa mwanga wenye nguvu ndogo kuliko ule vilioupokea. Kinyama hakiwezi kufanya hivyo kwa mmuliko huo, kwa hiyo kinabaki cheusi, na nukta za kijani unaweza kuzihesabu. Tena hazipauki hata ukizimulika muda mrefu.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, si mwanga bali ni kushikamana. Kingamwili ina nanomita kama 10 tu. Ukiifunga kwenye chembe iliyoizidi mara kadhaa, mzigo unaanza kumwongoza mbebaji. Chembe isiyovikwa vizuri kwa ganda la polima hujishikiza popote, na ikijishikiza pasipo na HER2 itang'aa kijani kile kile.