Fedha za mgombea wa Kongresi: yanayosemwa na yaliyomo kwenye ripoti

Wagombea wa Kongresi ya Marekani hulazimika kuwasilisha kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho (FEC) hesabu za kampeni zao: nani katoa, katoa kiasi gani, na fedha zimekwenda wapi. Ripoti huja kila robo mwaka, na nyingine siku 12 kabla ya kura. Zote zimo mtandaoni bure. Aliye Minneapolis na aliye Muscat wanaona kurasa zilezile. Ndiyo maana picha zake huzagaa kwenye makundi ya WhatsApp kila msimu wa uchaguzi, mara nyingi zikiwa na maelezo yasiyolingana na kilichoandikwa.

Dhana: FEC imeshazikagua, kwa hiyo ni za kuaminika

Ripoti ni kauli ya kampeni yenyewe, iliyotiwa saini na mweka hazina wake. Tume huipokea na kuichapisha, kisha wachambuzi wake huipitia na kuandika barua za kudai maelezo pale panapotia shaka. Barua hizo nazo huwekwa hadharani, na mimi ningeanza na hizo kabla ya jedwali lolote. Mwaka 2016 barua ya namna hiyo ilimuuliza mbunge Duncan Hunter wa California kuhusu zaidi ya dola 1,300 za kampeni zilizonunua michezo ya video. Alisema mwanawe alitumia kadi isiyo yake. Waendesha mashtaka walipoingia wakakuta mengi, hadi nauli ya ndege ya sungura wa familia, na Desemba 2019 Hunter akakiri kosa mahakamani. Mwaka uliofuata Rais Trump alimsamehe.

Kuadhibu ni kazi ngumu zaidi kwa tume hiyo. Ina viti sita, chama kimoja hakiruhusiwi kushika zaidi ya vitatu, na uamuzi wowote wa maana unahitaji kura nne. Wakigawanyika tatu kwa tatu, shauri linalala. Mwishoni mwa Aprili 2025 makamishna walibaki chini ya wanne, hivyo hata kura ya kugawanyika haikuwezekana, ingawa ripoti ziliendelea kupokewa na kuchapishwa.

Kisa cha George Santos ndicho kinachoonyesha vizuri kuwa ripoti inaweza kudanganya na bado ikamsaliti aliyeiandika. Santos alishinda kiti cha jimbo la 3 la New York Novemba 2022. Hesabu zake zilisema ameikopesha kampeni yake zaidi ya dola 700,000. Kumbe alipogombea mara ya kwanza, 2020, alitangaza mshahara wa dola 55,000. Tangazo hilo la mali ni waraka tofauti kabisa, huenda kwa karani wa Bunge la Wawakilishi na si FEC. Ni kwa kuweka nyaraka hizo mbili kando kwa kando ndipo swali linajitokeza lenyewe. Gazeti dogo la huko kwake, North Shore Leader, liliuliza kabla ya uchaguzi. Walioitika walikuwa wachache.

Baada ya ushindi, waandishi waliporudi kwenye ripoti walikuta matumizi zaidi ya thelathini ya dola 199.99 kila moja. Hoteli, dola 199.99. Mgahawa wa Kiitaliano huko Queens, dola 199.99, tena na tena. Sheria inaitaka kampeni itunze risiti kwa matumizi yanayozidi dola 200. Oktoba 2023 mweka hazina wake alikiri kwamba mkopo wa dola 500,000 aliouandika haukuwepo, na kwamba baadhi ya wachangiaji walikuwa wa kubuni. Lengo halikuwa kumdanganya mpiga kura, ambaye hata hasomi ripoti hizi. Walitaka kuwashawishi viongozi wa chama, ambao huziangalia ndipo waamue mgombea gani anastahili kusaidiwa. Bunge lilimfukuza Santos tarehe 1 Desemba 2023 kwa kura 311 dhidi ya 114. Agosti 2024 alikiri makosa, akahukumiwa miezi 87 jela Aprili 2025, na Oktoba mwaka huohuo Trump akaikatiza adhabu.

Dhana: kampuni fulani "imempa" mgombea mamilioni

Kampuni zimekatazwa kuwachangia wagombea wa shirikisho tangu 1907. Unachokiona ni jina la mwajiri. Yeyote ambaye michango yake kwa mgombea inapita dola 200 katika msimu mmoja wa uchaguzi huandikwa jina, anwani, kazi na mwajiri. Tovuti za uchambuzi hujumlisha kwa mwajiri, mtu anapiga picha jumla hiyo, basi nesi na mhasibu waliochangia kwa hiari yao wanageuka kuwa "fedha za kampuni". Njia halali ya kampuni ni kuanzisha kamati inayokusanya michango ya hiari ya watumishi wake, nayo ina kikomo chake: kwa kawaida dola 5,000 kwa kila uchaguzi.

Kikomo cha mtu binafsi kwa 2025 na 2026 ni dola 3,500. Mchujo na uchaguzi mkuu huhesabiwa mbalimbali, kwa hiyo dola 7,000 chini ya jina moja si kashfa.

Dhana: ukitoa dola kumi hakuna atakayejua

Inategemea umepitia wapi. Hundi uliyompelekea mgombea moja kwa moja humezwa kwenye jumla ya michango midogo. Ukipitia ActBlue ya upande wa Democrats au WinRed ya Republican, majukwaa hayo huorodhesha kila mchango, hata wa dola tano. Ndugu zetu walioko huko na wenye kadi ya kijani wanaruhusiwa kuchangia ingawa hawapigi kura. Asiye raia wala mkaazi wa kudumu haruhusiwi kabisa, na binamu aliye Nairobi hawezi kukutumia pesa uzipitishe kwa jina lako. Hilo ni kosa la jinai, hata kama mgombea ni mtoto wa nyumbani.

Dhana: pesa za mfukoni mwake ni kujitolea tu

Tangu hukumu ya Mahakama Kuu mwaka 1976, mgombea anaweza kutumia mali yake mwenyewe bila kikomo. Ila angalia zimeandikwa kama mchango au kama mkopo. Mkopo hulipwa. Zamani, michango inayokuja baada ya uchaguzi iliweza kulipa dola 250,000 tu za deni hilo. Mwaka 2022, katika kesi ya seneta Ted Cruz, Mahakama Kuu ikaufuta ukomo huo. Anayemchangia mshindi mwenye deni, basi, anaweza kuwa anamrudishia fedha zake binafsi, na wakati huo mshindi ameshakalia kiti. Kwangu huo ndio mstari wenye maana kuliko yote kwenye ripoti, na ndio usiopigwa picha.

Dhana: kumlipa mke, mume au ndugu ni wizi

Si wizi iwapo kazi ni ya kweli na bei ni ya soko. Ilhan Omar, mbunge wa Minnesota aliyeishi katika kambi ya wakimbizi Kenya kwa miaka minne kabla ya kufika Marekani, aliandamwa kwa sababu kampeni yake iliilipa kampuni ya mumewe zaidi ya dola milioni 2 katika msimu wa 2020. Malipo yalikuwa wazi kwenye ripoti, na sehemu kubwa ilipitia tu kwenda kununua matangazo. Unaweza kuona ni busara mbaya. Jinai ni neno jingine.

Dhana: mwenye fedha nyingi ndiye mshindi

Mwulize Eric Cantor. Katika msimu wa 2014, alipokuwa kiongozi wa wabunge wa Republican, chama kilichokuwa na viti vingi katika Bunge la Wawakilishi, kampeni yake ilitumia kwenye migahawa ya nyama takriban dola 168,000, karibu sawa na kampeni nzima ya mpinzani wake. David Brat alimshinda kwenye mchujo.

Dhana: kila tangazo uliloliona limo humo

Tangu 2010 kuna kamati huru zinazoruhusiwa kupokea kiasi chochote, hata kutoka kwa kampuni, mradi zisipange matumizi na mgombea. Hizo zina ripoti zake. Nyingine huundwa wiki chache kabla ya mchujo, zikahesabu tarehe kwa uangalifu: matumizi yao lazima yatangazwe ndani ya saa 48, au 24 siku za mwisho, lakini orodha ya wafadhili husubiri ripoti inayofuata, ambayo huja kura zikiwa zimeshahesabiwa. Na fedha zikipitia kwanza shirika lisilo la faida, jina utakaloliona ni la shirika hilo tu.