Mashine ya CNC haijui unene wa plaiwudi yako

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, mwanafunzi wa uzamili wa usanifu majengo aliingia karakana akiwa na flashi mkononi. Juri, yaani jopo la kutathmini kazi yake, ilikuwa Ijumaa. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Alikuwa amechora kibanda cha kupumzikia, skeli 1:1 (ukubwa halisi), vipande 216 vya kupachikana bila msumari wala gundi. Kwenye skrini kilipendeza kweli. Nikafungua faili nikatazama mianya: kila mmoja una upana wa milimita 18.00. Nikachukua kalipa, kile kipimio cha unene, tukaenda kwenye plaiwudi aliyoinunua mwenyewe. Pembe moja 17.2, nyingine 17.5, ukingo wa upande wa pili 17.6. Nikamwonyesha namba. Akanitazama kwa mshangao wa dhati, akasema, "Lakini mwalimu, si mashine ndiyo inakata?"

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeamua kuijibu kwa maandishi ili anayekuja kesho aisome kabla hajapakia plaiwudi kwenye bajaji.

Mashine ya CNC, yaani ya kukatia inayoongozwa na kompyuta, inafuata mstari. Inapeleka biti, kile kisu chake kinachozunguka, pale ulipoiambia, kwa kina ulichoiambia, na hapo kazi yake imeisha. Haina habari kama ulichoilazia mezani ni plaiwudi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) au mlango wa jirani yako. Haina jicho la kuona kwamba bao limepinda, wala mkono wa kuhisi kwamba kipande kinabana. Hiyo 18 iliyo kwenye risiti ni jina la bidhaa. Plaiwudi ni matabaka yaliyogandishwa kwa gundi na kugandamizwa kwa joto, kisha yakapigwa msasa, na mwisho wa safari hiyo unene unakuwa ule uliobaki. Mara nyingi unapungua. Mara nyingine bao moja la futi 4 kwa 8 lina unene zaidi ya mmoja, kama hilo la Jumatano.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa sababu hayo mnayashika mapema. Biti ni duara, kwa hiyo kona ya ndani haitoki mraba: biti ya milimita 6 inakuachia mviringo wa nusu kipenyo wa milimita 3, na ulimi wako (ile sehemu inayochomekwa kwenye mwanya) wenye kona kali hautafika mwisho wa mwanya mpaka uongeze vitobo kwenye kona. Hapa karakana tunaviita masikio. Mashine ya leza, inayokata kwa mwale wa mwanga, nayo inakula upana wa mwale wake, na ukingo inaoukata hautoki wima kabisa kwa sababu mwale una umbo la koni. Usiniletee PVC kwenye leza, inatoa gesi ya hidrojeni kloridi inayoharibu mapafu yako na vyuma vya mashine. Funga bao vizuri mezani. Tuendelee.

Kinachonikera ni imani iliyo chini ya yote haya, kwamba kwa kuwa kompyuta inaandika namba zenye desimali mbili, basi kazi yote ya kuingiana imeshafanyika humo ndani. Wapo wanaofika mwaka wa mwisho wa tasnifu wakiamini hivyo, na sidhani ni wavivu. Hakuna aliyewahi kuwakalisha akawaonyesha fundi seremala anavyounganisha mbao.

Nenda Keko, Dar es Salaam, ukamtazame fundi anayetengeneza kiti cha mninga. Akishachonga ulimi hapimi tundu kwa futi. Anaulaza ulimi wenyewe juu ya mguu wa kiti, anachora pembeni yake kwa ncha ya patasi, kisha anatoboa kufuata alama. Ukibana, anauparuza kidogo. Ukicheza, anaweka kipande chembamba. Kila ulimi na tundu lake vimekutana mezani, na ukibadilisha miguu huenda visiingie. Ndiyo maana anaweza kupata maungio ya kukaza kabisa bila kujua hata namba moja ya unene. Kipande kimepimwa kwa kipande.

Kwenye CNC vipande havikutani. Ulimi unakatwa saa tano kwenye bao la kwanza, mwanya wake unakatwa saa tisa kwenye bao la nne, na siku ya kuunganisha ndipo vinaonana kwa mara ya kwanza. Ule uamuzi ambao fundi wa Keko anaufanya kwa vidole, wewe lazima uufanye kwa namba, wiki moja kabla, ukiwa umekaa kwenye kiti. Swali langu kwa kila faili ni moja: umeachia ngapi? Yaani mwanya umezidi unene halisi wa ubao kwa kiasi gani? Asilimia kubwa ya mnaonijia hamjawahi kuulizwa hivyo, na wengi mnanijibu "sifuri" kwa fahari, kana kwamba sifuri ndiyo usahihi.

Sifuri ni kubana. Na kiasi cha kuachia hakitokani na ubao peke yake. Chukua biti yetu ya milimita 6 iliyochakaa, ambayo ukiipima ni 5.9. Programu inadhani bado ni 6, kwa hiyo inapitisha katikati ya biti milimita 3 kutoka kwenye mstari wako. Makali hayafiki mstarini kwa 0.05 kila upande. Mwanya unapungua 0.1. Upana wa ulimi, kwa sababu hiyohiyo, unaongezeka 0.1. Umepoteza 0.2 kwenye kiungo kimoja na mchoro haujabadilika hata nukta. Halafu ukapaka vanishi kabla ya kuunganisha, ukaongeza unene tena. Halafu unakuja kuniomba nyundo.

Tena namna makosa yanavyojumlishana inategemea umebuni nini, na hapa wanafunzi wazuri kabisa wanachanganya. Ukijenga kwa matabaka yaliyolaliana, mathalani benchi la tabaka 40, ulichora 40 mara 18, sawa na milimita 720. Ubao wako ukiwa 17.4, unapata 696. Milimita 24 zimepotea, na bolti uliyoinunua kwa kipimo cha mchoro inatokeza nje. Lakini ukijenga kwa mbavu zinazokatana, nafasi kati ya ubavu na ubavu inashikwa na mianya yenyewe, kwa hiyo unene mdogo haufupishi umbo. Unalilegeza. Kila kiungo kinacheza 0.6, na ukisukuma kwa juu jengo zima linayumba kama kitanda cha kamba. Makosa ya ubao ni yaleyale na tiba mbili tofauti kabisa. Benchi unalirekebisha kwa kuongeza tabaka. Mbavu huna budi kuzirekebisha ndani ya mchoro.

Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Mkata mikoko hauzi mti kwa namba moja. Anauza fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila jina ni tabaka la unene, kuanzia hapa mpaka hapa. Fundi anaponunua korija ya boriti anajua kwamba hakuna mbili zilizo sawa, na nyumba inapangwa kwa kukubali hivyo: boriti zinalala juu ya ukuta wa mawe na chokaa, na chokaa ndiyo inayomeza tofauti. Hata vyumba virefu vyembamba vya nyumba za mawe za Lamu, ambavyo upana wake hauzidi sana mita 3, vilipangwa na urefu ambao boriti inaweza kubeba. Kila mwaka naona michoro ya "usanifu wa Kiswahili wa kidijitali" yenye mapambo ya milango ya Zanzibar yaliyokatwa kwa leza. Ni kazi nzuri. Lakini elimu iliyo ndani ya neno boriti inahusu CNC zaidi kuliko yale maua.

Najua mtanionyesha picha za Ulaya, kwa hiyo nianze mimi. Banda la utafiti la Chuo Kikuu cha Stuttgart la mwaka 2010, la taasisi zake za usanifu wa kikompyuta (ICD) na miundo ya majengo (ITKE), mnalibandika ukutani kila muhula: vipande zaidi ya 500, kila kimoja na umbo lake, vya plaiwudi ya mti wa birch ya milimita 6.5 iliyokunjwa. Lile umbo halikuchorwa kwanza ubao ukalazimishwa. Waliukunja ubao, wakapima unavyokataa, na vipimo hivyo ndivyo vilivyoingia kwenye kompyuta. Au kuba la mawe la Venice la mwaka 2016 la Block Research Group, kikundi cha watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich cha Uswisi, liitwalo Armadillo Vault: mawe 399 bila saruji. Mgongo wa kila jiwe uliachwa bapa ili lisihitaji kugeuzwa mashineni, maana kila ukigeuza kipande unaanza kupima upya na unakaribisha kosa jipya. Mashine zao zinagharimu kuliko jengo letu zima, na bado walibuni kwa kuogopa kosa.

Sasa mashaka yangu. Kwa plaiwudi ya kawaida na viungo vya kugongwa kwa nyundo ya mpira, huwa naanza kwa kuachia 0.2. Ninapoulizwa kwa nini, sina jibu zaidi ya kwamba imekubali mara nyingi. Imenikatalia pia. Nina mashaka makubwa zaidi kama tunafanya sawa kuwapa CNC kabla ya patasi. Nimejaribu kuanzia kwenye patasi, baadhi yao wakachukia karakana moja kwa moja. Na kuna siku najiuliza kama kibanda cha vipande 216 kina haja ya mashine, wakati mafundi watatu wa Keko wangekisimamisha kwa siku hizohizo na kikakaza kuliko chetu. Jibu langu la sasa ni kwamba mashine inatulipa pale vipande vinapotofautiana vyote, na kibanda cha Jumatano kilikuwa na aina nne tu.

Yeye sikumfukuza. Tulikata chanuo kutoka kwenye bao lake mwenyewe: kipande chenye mianya ya 17.2, 17.4, 17.6, 17.8 na 18.0, kisha tukapenyeza mkato (kipande kidogo) wa kila bao mmoja baada ya mwingine. Mabao mawili yaliingia vizuri kwenye 17.6, matatu kwenye 17.8. Akayaandika kwa chaki kundi A na kundi B, akarudi kwenye mchoro, akabadilisha unene uwe namba moja inayoamriwa mahali pamoja badala ya mistari iliyochorwa kwa mkono mara 216. Hilo lilimchukua usiku mzima, na lingemchukua dakika mbili kama angelifanya mwanzoni mwa kazi. Ijumaa alisimamisha nusu ya kibanda. Niliegemea juu kwa bega, hakikucheza.

Chanuo lake liko ukutani, limeandikwa kwa penseli tarehe na duka alikonunua. Masika yakianza nitaliteremsha na kujaribu mikato ileile tena, nione kama unyevu umeivimbisha.