Kushuka kwa volti: kwa nini betri mpya haiponyi boti kuukuu

Pampu ya kutoa maji ngamani, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, inazunguka kwa shida, taa ya mlingoti imefifia, na kila mtu anasema betri imekufa. Mwenye boti ananunua nyingine, hali inabaki ileile. Betri mara nyingi haina kosa. Tatizo ni kushuka kwa volti: umeme unatoka kwenye betri ukiwa kamili, kisha sehemu yake inapotelea njiani.

Kila waya una ukinzani, yaani unazuia umeme kidogo usipite, na ukiwa mrefu au mwembamba ukinzani unazidi. Kumbuka umeme unakwenda na kurudi: pampu iliyo mita 5 kutoka kwenye betri inatumia waya wa mita 10. Chumvi ndiyo inayoharibu zaidi. Inaingilia kwenye kiungio, inatambaa chini ya ganda la plastiki, na shaba inageuka nyeusi au kufanya unga wa kijani. Kwa nje waya ni mzima kabisa; ukilivua ganda, nyuzi zinakatika kama majani makavu.

Chukua pampu inayovuta ampea 5 kupitia kiungio chenye ukinzani wa omu 0.4. Hapo zinapotea volti 2, na wati 10 za joto zinakusanyika mahali padogo kama ukucha. Fyuzi haitakuokoa, maana yenyewe inakata ampea zikizidi, na hapa hazijazidi. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko taa kufifia.

Kupima, lazima pampu iwe inafanya kazi. Ikiwa imezimwa, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti 12. Weka ncha moja ya kipima volti kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu. Namba unayoisoma ndiyo volti zinazopotea. Rudia upande wa hasi, ambao wengi wanausahau, kisha jumlisha namba zote mbili. Kanuni za ABYC, baraza la Marekani linaloweka viwango vya boti, zinaruhusu asilimia 3 kwa pampu ya ngamani na taa za kuongozea, yaani volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12.

Kabla ya kubadilisha waya, fungua nyaya zilizofungwa kwenye betri. Tumia waya wa shaba wenye nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Waya wa zamani ukiukata na kukuta weusi, rudi nyuma ukate tena hadi shaba ing'ae; isipong'aa, ng'oa wote, kuanzia betri hadi pampu.