Mazoezi ya mara kwa mara na afya ya akili: yanasaidiaje, na kwa kiasi gani

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huanza mazoezi kwa sababu ya kitambi, sukari au presha. Akili huja baadaye, mtu anapogundua kuwa siku alizotembea amelala vizuri na hakugombana na mtu kwenye foleni. Kwa upande wa akili, mazoezi ya mara kwa mara ni kuushughulisha mwili hadi mapigo ya moyo yaongezeke, siku kadhaa kila wiki, wiki baada ya wiki. Uzito wa maana hiyo uko kwenye ratiba, si kwenye ukali.

Faida zenyewe ni za aina mbili, na zikichanganywa mtu hukata tamaa mapema.

Ya kwanza huja siku ileile. Baada ya dakika 20 hadi 30 za mwendo wa kutosha, wasiwasi hushuka na mwili hulegea kwa saa kadhaa. Wengi huishukuru endofini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu. Lakini endofini zinazoongezeka kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo, na watafiti wengi sasa wanaelekeza macho kwenye endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili huzitengeneza wenyewe na ambazo hupenya. Kwa anayetoka jasho barabarani ubishi huo hauna uzito mkubwa. Nafuu ipo, na kesho yake huwa imeshafifia. Ndiyo maana mbio ndefu za Jumamosi na kikundi cha jogging, zikifuatwa na siku sita za kukaa, humwacha mtu na wiki yenye asubuhi moja nzuri.

Ya pili hujengeka kwa wiki nyingi, na hii ndiyo yenye thamani zaidi. Usingizi huwa mzito. Ubongo hutoa zaidi protini iitwayo BDNF, inayosaidia seli za neva kukua na kuunganishwa, hasa kwenye hipokampasi, eneo la kumbukumbu ambalo mara nyingi huonekana dogo kwa watu waliokaa muda mrefu na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuata wazee 120 kwa mwaka mmoja. Waliotembea dakika 40, siku tatu kwa wiki, hipokampasi zao ziliongezeka kwa takriban asilimia 2. Za wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo zilipungua. Hao walitembea tu, hawakukimbia.

Kiasi gani basi? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Takwimu hizo huwatisha wanaoanza, na si lazima. Uchambuzi wa mwaka 2022 uliokusanya tafiti 15 zenye watu zaidi ya 190,000 ulionyesha kuwa waliofanya takriban nusu ya kiwango cha chini walikuwa na uwezekano wa kupata sonona mdogo kwa asilimia 18 kuliko wasiofanya kabisa. Waliofikia kiwango chenyewe, asilimia 25. Tafiti hizo zilifuatilia watu bila kuwapangia mazoezi, kwa hiyo sehemu ya tofauti yaweza kuwa ni watu wenye nafuu ndio wanaotoka. Hata hivyo ujumbe wa kiutendaji uko wazi: hatua kubwa ni kutoka sifuri hadi kidogo.

Kidogo hicho ni dakika 25, siku tatu kwa wiki. Kipimo cha mwendo wa wastani ni mdomo wako: unaweza kuongea sentensi nzima, lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, ongeza kasi. Ukishindwa kuongea, punguza. Anayepanda mwendokasi anaweza kushuka vituo viwili kabla ya chake na kumalizia kwa miguu. Njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite na ufukwe wa Coco vinafaa alfajiri, kabla jua halijawa kali, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Kati ya Desemba na Machi, joto na unyevu wa Dar hufanya mwendo uleule uwe mzigo mkubwa zaidi kwa moyo, kwa hiyo punguza kasi na beba maji. Ambaye mtaa wake una giza atembee na mwenzake, au aruke kamba uani, au apande ngazi za ghorofa.

Kwenye sonona kuna mtego: ugonjwa wenyewe huua hamu, na anayesubiri hamu ndipo atoke, hatoki. Panga saa badala ya kupanga hisia. Viatu vikae mlangoni tangu usiku, na ahadi iwe dakika 10. Zikiisha na bado huna nguvu, rudi nyumbani, siku hiyo imehesabika. Andika hali yako kutoka 0 hadi 10 kabla na baada, kwa sababu sonona humfanya mtu asahau kuwa alipata nafuu.

Mwenye hofu ya ghafla ana tatizo jingine. Moyo kudunda na pumzi kukatika kwenye mazoezi hufanana na dalili anazoziogopa. Aanze polepole na kupandisha kidogo kidogo. Baada ya wiki kadhaa mwili hujifunza kuwa moyo kwenda mbio si hatari. Mwenye maumivu ya kifua au aliyewahi kuzimia apimwe moyo kwanza.

Kinachowaangusha wengi ni kuanza kwa pupa. Wiki ya kwanza kilomita nane, ya pili magoti yanauma, ya tatu viatu viko chini ya kitanda. Ongeza dakika tano tu kila wiki. Mazoezi makali karibu na muda wa kulala nayo huwanyima baadhi ya watu usingizi.

Kuhusu dawa: jaribio la 1999 kwa watu 156 wa miaka 50 na zaidi wenye sonona lililinganisha mazoezi na sertralini, dawa ya sonona. Baada ya wiki 16 matokeo yalikaribiana, ila dawa ilianza kuleta nafuu mapema zaidi. Hiyo si ruhusa ya kuacha dawa ghafla, na mwenye mawazo ya kujiua anahitaji hospitali leo, si viatu vya mazoezi.

Baadhi ya dawa haziendi vizuri na joto la pwani. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, hupunguza jasho na humfanya mtu aone kizunguzungu anaponyanyuka. Lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, hujikusanya kwenye damu mwili unapokaukiwa maji. Anayeitumia asifanye mazoezi akiwa na homa au anaharisha, asipunguze chumvi ghafla, na akianza kutetemeka sana mikono, kutapika au kuyumba, aende hospitali siku hiyohiyo.