Frimasoni, ndagu na pesa za haraka: yanayosemwa Tabora na yaliyo kweli

Tangazo ni lilelile, liwe limebandikwa kwenye nguzo ya umeme au limeingia kwenye simu usiku: jiunge na Frimasoni, upate nyumba, gari na mamilioni, piga namba hii. Hapa Tabora tumelizoea. Kuna anayelisoma akaogopa, akiamini kuna watu wanaonunua roho za wenzao. Kuna anayelisoma akatamani, kwa sababu naye anaamini jambo hilohilo. Wote wawili wameshaumeza uongo wa kwanza, na tapeli hamtafuti yule mwoga.

Frimasoni ni chama cha watu wenye viapo na siri zao za ndani. Nianze na pesa, maana hapo ndipo watu wetu wanaumizwa.

"Ukijiunga unapewa utajiri." Ukweli ni kinyume chake: anayejiunga ndiye anayelipa. Kuna ada ya kuingia, ada ya kila mwaka na michango ya hisani. Katika vyama vya Frimasoni vinavyofuata utaratibu wa Uingereza, na vya Afrika Mashariki vimo humo, mwombaji anadhaminiwa na wanachama wanaomfahamu, anahojiwa ana kwa ana, kisha anapigiwa kura ya siri. Tena anatakiwa kutamka kwamba hajaja kutafuta faida ya fedha. Hakuna mahali katika utaratibu huo ambapo mtu asiyekujua anakutumia ujumbe akuombe elfu hamsini ya fomu, kesho laki ya pete, keshokutwa laki mbili za "kufungua akaunti". Hao wanaoomba ni wezi wa kawaida waliovaa jina la kutisha. Mkulima wa Urambo au Sikonge aliyetoka kulipwa tumbaku yake ndiye windo wanalolitamani, na aibu ya kusema "nilitaka kujiunga na Frimasoni" inamfunga mdomo asiende hata polisi. Wizi huu unaishi kwa aibu hiyo.

Mkoa huu una mfano mzuri kuliko hadithi zote za vijiweni. Jayantilal Keshavji Chande, aliyejulikana zaidi kama Sir Andy Chande, alizaliwa Mombasa mwaka 1928 lakini akakulia Bukene, wilayani Nzega, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, ambako familia yake ilifanya biashara. Kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa Frimasoni Afrika Mashariki, na hakujificha: alihojiwa na waandishi wa habari, akaandika na kitabu cha maisha yake. Kampuni ya familia yake ilikuwa kubwa katika usagaji wa nafaka nchini. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, ikataifishwa. Hakuna pete iliyozuia, hakuna jini lililoirudisha. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikamwomba abaki aongoze shirika la umma la usagaji, naye akakubali, na baadaye akaongoza bodi za mashirika kadhaa ya umma. Alifariki mwaka 2017. Anayetaka kujua Ufrimasoni unampa mtu nini, ayaangalie maisha hayo: utajiri ulitoka kwenye biashara ya familia, na ukaondoka kwa amri ya serikali kama ulivyoondoka wa wengine.

"Ni watu wasiojulikana." Jengo lao la Dar es Salaam liko Barabara ya Sokoine, katikati ya mji, watu wanapita mbele yake kila siku. Siri yao ni ya ndani: ishara za kutambuana, maneno ya viapo, namna ya kumwingiza mgeni. Chama chenyewe si siri.

Halafu kuna hili la shetani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayosimuliwa ina mwanzo unaofahamika. Mfaransa mmoja, Gabriel Jogand-Pagès, aliyejiita Léo Taxil, alijipatia jina kwa kuandika vitabu vya kulikashifu Kanisa. Mwaka 1885 akatangaza kwamba ameokoka na kuwa Mkatoliki, akaanza kutoa vitabu vya "kufichua" Frimasoni: kwamba wanamwabudu Lusifa, kwamba mashetani huwatokea vikaoni, kwamba kuna mwanamke aitwaye Diana Vaughan aliyeyashuhudia yote. Vitabu vikauzwa sana. Mwaka 1887 akapokewa na Papa Leo wa 13 mwenyewe. Watu wakawa wanadai wamwone huyo Diana. Tarehe 19 Aprili 1897 Taxil akaita mkutano katika ukumbi wa Chama cha Jiografia mjini Paris, na badala ya kumleta Diana akasema hadharani kwamba kwa miaka 12 alikuwa anawadanganya. Ukumbi ukachafuka, ikabidi aondoke kwa ulinzi wa polisi. Kukiri kwake kukasahaulika, vitisho vyake vikabaki. Mengi yanayosambazwa leo kwenye makundi ya WhatsApp hayatofautiani na aliyoyatunga yeye.

Hii haina maana kwamba dini hazina neno. Papa Klementi wa 12 aliwakataza Wakatoliki kujiunga tangu mwaka 1738, zaidi ya karne moja kabla ya Taxil, na Vatikani ikarudia katazo hilo mwaka 1983 na tena 2023. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Makka nao walitoa hukumu ya kukataza mwaka 1978. Muumini wa Tabora, wa kanisani au wa msikitini, akisema "dini yangu imenikataza", kasema kweli na ana haki. Akisema "wanachinja watoto", hapo ametoka kwenye dini na kuingia kwenye uzushi.

Chimbuko la chama ni mafundi waashi wa Ulaya, ndiyo maana alama zake ni skwea, bikari na eproni ya fundi. Kwa kumbukumbu zao, vikundi vinne vya London vilijiunga kuwa kimoja tarehe 24 Juni 1717. Illuminati, chama cha siri ambacho watu hukichanganya na Frimasoni, ni jambo jingine: kiliundwa mwaka 1776 na Adam Weishaupt, mwalimu wa sheria huko Bavaria, na kufikia 1785 mtawala wa huko alikuwa amekipiga marufuku. Na lile jicho kwenye noti ya dola moja, ambalo hapa kwetu linajadiliwa sana kama alama ya Frimasoni, kwa kuwa tumbaku inapangiwa bei kwa dola? Limetoka kwenye muhuri wa taifa la Marekani wa mwaka 1782, na lilikuwa mchoro wa Kikristo wa Mungu anayeona yote muda mrefu kabla ya hapo.

Nisiwasafishe kupita kiasi. Mwaka 1981 polisi wa Italia waliikuta kwa Licio Gelli, kiongozi wa P2, orodha ya wanachama wa kundi hilo lililoota ndani ya Frimasoni: majina 962, wakiwemo mawaziri, wabunge na majenerali. Serikali ya nchi hiyo ikaanguka. Siri ikikutana na madaraka huzaa rushwa, na rushwa ni ya kuchunguzwa kwa nyaraka na mahakama, si kwa ramli.

Sisi Unyamwezini tulipaswa kuwa wa mwisho kushangaa chama chenye viapo. Wayeye wanarithishana elimu ya kukamata nyoka na kutibu aliyeumwa, na asiyeingizwa hafundishwi. Waswezi, chama cha mizimu, wana ngoma zao, ada ya kuingia na mambo ambayo mtu wa nje haambiwi. Mwaka 1876 mtemi wetu Mirambo alichanjiana damu na Stanley, msafiri wa Kizungu, wakawa ndugu. Wazee wetu walijua kwamba siri inaweza kuwa adabu ya kikundi tu.

Kinachoniuma ni kwamba imani ya utajiri wa damu, hii tunayoiita ndagu, imeua. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo katika mikoa hii kwa sababu mtu aliambiwa na mganga kwamba kiungo kinaleta pesa, hadi serikali ikatangaza marufuku kwa wapiga ramli mwaka 2015. Kila tunaporudia kwamba fulani katajirika kwa kafara, tunamfundisha kijana kwamba njia hiyo ipo.

Aliyekwisha kutuma pesa asitume nyingine, hata akiambiwa bado kidogo tu. Asifute ujumbe wala kumbukumbu za muamala. Namba ya tapeli aipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, kisha aende polisi: kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mbele ya sheria hiyo yeye ni mlalamikaji aliyeibiwa.