Teke Halipimi Tairi: Tunayoamini Kuhusu Matairi ya Trela la Kambi

Ikiingia Juni, Phoenix, mji wa jangwani Arizona, Marekani, haikaliki. Joto linapita nyuzi 40, na mwenye trela la kambi analifunga nyuma ya pikapu, anapanda barabara ya I-17 kwenda Flagstaff, kilomita 230 hivi, kutafuta misonobari na usiku wa kujifunika blanketi. Siku hizi katika safari hiyo wamo Waswahili wenzetu, wa Kongo, wa Burundi, wa Bara na wa Pwani, na kila mmoja amekuja na elimu yake ya matairi. Yangu ni ya utingo: alizunguka lori na kipande cha chuma, akigonga tairi moja moja na kusikiliza mlio. Ilitosha kwa lori la kazi. Kwa trela linaloshinda uani miezi tisa, inapotosha.

"Kashata bado zimesimama, tairi ni zima."

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Gari linalotembea kila siku humaliza kashata, yaani meno ya tairi, kabla mpira haujazeeka, kwa hiyo tumezoea kusubiri kipara. Trela la kambi hutoka mara chache kwa mwaka. Kashata hazipati muda wa kulika. Kinachoua tairi lake ni umri. Jua, joto na ozoni iliyomo hewani huukausha mpira, na tabaka za ndani huanza kuachana huku kwa nje tairi likionekana la juzi.

Kwa hiyo soma tarehe. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT, kisha tazama tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, na kwa bahati mbaya huo unaweza kuwa ule ulioelekea chini ya trela, kwa hiyo chukua tochi uiname. Kuanzia mwaka wa tatu likague kwa makini. Likifika miaka mitano au sita libadilishe, na spea pia. Ukinunua trela la mkononi, muuzaji akisema "hizi tairi hazijatembea kabisa", usidhani amelisifu.

"Kuna joto, nipunguze upepo kidogo lisipasuke."

Anayefanya hivi anaharakisha kilekile anachokiogopa. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika ubavuni kila linapozunguka, mkunjo huo huzaa joto ndani ya mpira, na joto ndilo linalolipasua. Halafu kuna mzigo. Saizi ya ST225/75R15, ambayo ni ya kawaida sana kwenye matrela haya, ikiwa na herufi E, ya daraja la mzigo, hubeba kilo 1,285 kwa PSI 80, kipimo cha nguvu ya upepo. Ukiijaza 50 tu, halali yake inashuka hadi kilo 975. Tairi ni lilelile, rimu ni ileile, lakini umepoteza kilo 310 kwa kila gurudumu bila kushusha hata sufuria.

Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa limepoa na kabla jua halijalipiga. Ukisimama mapumziko ya Sunset Point saa saba mchana ukakuta namba imepanda, iache. Kupanda huko kulishahesabiwa kiwandani. Ukiutoa, alfajiri ya Flagstaff utaamka na tairi lililolegea, maana upepo hushuka kwa takriban asilimia 2 kila joto likipungua nyuzi 5 au 6. Geji ya upepo haigharimu sana. Teke na kipande cha chuma vitakuambia tairi limeisha upepo kabisa. Tofauti ya 80 na 60 haina mlio.

"Linaingia kwenye rimu, basi linafaa."

Tairi lenye herufi P ni la gari dogo. Likiwekwa kwenye trela, uzito ulioandikwa ubavuni lazima ugawanywe kwa 1.10, na ubavu wake laini hulifanya trela liyumbe. ST ni la trela, ubavu mgumu. LT, la pikapu, linaweza kufaa ikiwa uwezo wake na wa rimu unatosha. Ila usije ukavalisha pikapu yenyewe ST.

"Kibao kinasema maili 75."

Kibao cha barabarani hakijui unavuta nini. Matairi mengi ya ST yametengenezwa kwa mwisho wa maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105, isipokuwa yawe na herufi ya mwendo mkubwa zaidi, kama L ya kilomita 120 au M ya 130. California wamekata maneno: anayevuta trela mwisho wake ni maili 55.

"Taa ya dashibodi itaniambia."

Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ndiyo iliyoleta vipima upepo kwenye magari madogo, na tangu Septemba 2007 ni lazima kila jipya liwe navyo. Matrela hayamo. Pikapu yako inajua matairi yake manne, basi. Na trela la ekseli mbili linaweza kupasua tairi moja ukaendelea kuendesha kilomita kadhaa bila kuhisi kitu, kwa sababu jirani yake amebeba mzigo wa wawili. Ndiyo maana kubadilisha lililopasuka peke yake ni nusu ya kazi. Yule jirani naye ameumia ndani. Vipo vipimo vya kufunga kwenye valvu vinavyotuma taarifa kwa kioo kidogo mbele ya dereva. Mimi ningenunua hivyo kabla ya kununua jiko la kuchomea nyama.

Na kujaza naitrojeni badala ya upepo wa kawaida? Hewa ya bure tayari ina asilimia 78 ya gesi hiyo. Weka ukipenda.

"Kiwanda kilishapiga hesabu ya uzito."

Ya kwake, ndiyo. Hakikuhesabu gunia la unga, baiskeli za watoto na tangi la maji la lita 150, ambalo likijaa ni kilo 150. Vituo vingi vya malori vina mizani ya CAT, ile ya kupimia magari. Pima trela likiwa limepakiwa kama siku ya safari. Jokofu na jiko zikiwa upande mmoja, upande huo ndio unaoumia.

Nati za rimu iliyotoka kufunguliwa hukazwa tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Kwa anayetoka Phoenix, Camp Verde imeangukia humo humo. Simama, toa spana ya kupimia nguvu, na watoto wapate kwenda chooni.