Baridi kitandani na usingizi: maswali ninayoulizwa kila kipupwe

Juni na Julai huku kwetu nyanda za juu, Makete, Njombe, Mufindi mpaka Tukuyu, baridi sio mchezo, Kitulo kuna asubuhi unakuta majani yote meupe kwa barafu. Mimi ni nesi na kila kipupwe naulizwa maswali yaleyale, mtu analala saa tatu mpaka saa sita anageuka tu kitandani. Nimeyaandika hapa na majibu yake, na nimeanza na lile linaloniumiza zaidi kwa sababu nimeshapokea watu walioletwa asubuhi wakiwa hawaamki.

Nesi, sisi jioni tukishapika tunaingiza jiko la mkaa chumbani, moshi ukiwa umeisha kabisa. Hapo si iko salama?

Hapana jamani, hapana. Moshi kuisha sio hatari kuisha. Ule mkaa uliokolea mwekundu, mzuri, hauna moshi hata kidogo, ndo unatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu wala haikuwashi macho. Ukiivuta inaingia kwenye damu inaenda kukaa pale pale oksijeni inapotakiwa kukaa, na inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwaiyo damu inazunguka mwili mzima lakini imebeba kitu kisichofaa, ubongo na moyo vinakosa hewa. Ukiwa macho utasikia kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Ukiwa umelala husikii hata kimoja, usingizi unazidi tu kuwa mzito, na mtu akikuchungulia anaona umelala fofofo.

Najua mtaniambia "tunaacha dirisha wazi kidogo". Haitoshi, afu tuseme ukweli, saa nane usiku baridi ikikaza mtu anaamka analifunga. Wengine wanaweka sufuria ya maji juu ya jiko wakiamini maji yananyonya sumu, hayanyonyi. Oteni moto jikoni mkiwa macho, mlango wazi, mkimaliza jiko litoke nje kabisa, sio koridoni, sio nyuma ya mlango.

Na ikitokea mmemkuta mtu kwenye hali hiyo, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje kwenye hewa, afu hospitali haraka hata kama ameamka anasema yuko poa, maana anahitaji oksijeni ya hospitali. Msikae kumnywesha maziwa. Maziwa hayatoi ile gesi kwenye damu na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa nayo.

Mimi mwili uko sawa ila miguu ni barafu, na usingizi hauji mpaka ipate joto. Ni mawazo yangu tu?

Sio mawazo dada. Mwili ukijiandaa kulala unapunguza joto la ndani, usiku mzima linashuka kama nyuzi 1 hivi. Sasa hilo joto linatoka wapi? Linatokea mikononi na miguuni, mishipa midogo ya huko inatanuka, damu ya moto inakuja juu kwenye ngozi na joto linatoka. Miguu ikiwa ya baridi mishipa imejibana, joto limefungiwa ndani, na mwili hausomi kwamba muda wa kulala umefika. Yaani unapasha miguu ili ndani pakapoe, inaonekana kinyume lakini ndo ilivyo. Watafiti wa Basel kule Uswisi waliandika hili mwaka 1999 kwenye jarida la Nature, waliona watu ambao mikono na miguu yao imeshapata joto ndo walikuwa wanasinzia haraka.

Kwaiyo fanya hivi, beseni la maji ya uvuguvugu wa kuridhisha, loweka miguu dakika 10 au 15, kausha vizuri mpaka katikati ya vidole, vaa soksi kavu za sufu zisizobana. Nasisitiza zisizobana maana soksi ya kubana inazuia hiyohiyo damu tunayoitafuta. Na sio zile soksi ulizoshinda nazo kwenye gambuti, zile zimenyonya jasho na kitu chenye unyevu kinavuta joto la mwili.

Kama una uwezo wa kuoga maji ya moto, oga saa moja au mbili kabla ya kupanda kitandani, sio dakika ile ile. Kuna uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin wa mwaka 2019 ulikusanya tafiti nyingi ukaona maji ya nyuzi 40 mpaka 42.5, hata kwa dakika 10 tu, yanamfanya mtu asinzie kama dakika 10 mapema kuliko kawaida yake. Kwa mtu anayehangaika kila usiku dakika 10 sio kidogo.

Ila kama vidole vinabadilika rangi, vinakuwa vyeupe kama karatasi au bluu, au miguu ni ya baridi hata mchana wa jua na unachoka choka, njoo upimwe damu na tezi ya shingo, hapo soksi sio dawa.

Tunajifunika mablanketi matatu na baridi bado inapenya, shida nini?

Mara nyingi inatoka chini! Watu wanarundika juu wanasahau godoro. Kinachokupa joto sio blanketi lenyewe, ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi zake, sasa ukililalia godoro jembamba ile hewa inakamuliwa yote na joto lako linashuka kwenye sakafu ya saruji. Chukua blanketi moja kati ya hayo matatu litandike chini ya shuka, utaona tofauti usiku huohuo. Anayelala chini aweke mkeka, maboksi makavu, hata mabua makavu kama walivyokuwa wanafanya wazee, chochote cha kukutenganisha na sakafu. Na juu, nguo mbili nyepesi zinashinda koti moja zito linalokukandamiza. Kichwani vaa kofia au jifunge kitambaa, usijizike uso ndani ya blanketi, unakosa hewa safi na blanketi linapata unyevu wa pumzi.

Chupa ya maji ya moto ni sawa?

Sawa, ile ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, maji yasiwe yanachemka, izungushie taulo, iweke kitandani nusu saa kabla hujalala afu uitoe. Chupa ya soda ya plastiki hapana, maji ya moto yanaiharibu, inalegea na kufunguka usiku.

Wenye kisukari hapa nawaomba mnisikilize. Kama miguu ina ganzi hutasikia unaungua. Utaamka asubuhi na lengelenge, lengelenge linakuwa kidonda, na kidonda cha mguu cha kisukari mnakijua kinapoishia. Nyie ni soksi tu, chupa hapana. Watoto wadogo pia hapana.

Ulanzi je? Wazee wanasema unapasha.

Ulanzi, komoni, pombe yoyote inatanua mishipa ya ngozi, unasikia joto wakati joto lenyewe ndo linakutoka. Na usingizi wake unakatika katikati ya usiku. Uji wa moto unatosha.

Kwanini siku za baridi naamka kukojoa mara nyingi?

Ngozi ikipata baridi mishipa inabana, damu nyingi inarudi ndani, figo zinaona maji yamezidi zinayatoa. Ukilala na joto inapungua. Ikiendelea hata siku za joto na una kiu sana, pima sukari.

Mtoto ana wiki tatu, mikono yake ni ya baridi, nimuongezee blanketi?

Usipime mikono mama, mikono ya kichanga huwa ya baridi mara nyingi. Mguse kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa na joto la kawaida ameridhika, pakiwa na jasho amezidishiwa, punguza. Kipimajoto kisome kati ya 36.5 na 37.5. Akiwa wa baridi mvue, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, wewe na yeye mfunikwe pamoja uso wake ukiwa wazi, hakuna hita inayoshinda kifua cha mama. Ukiona hapati joto au hanyonyi, usisubiri kukuche. Kulala alazwe chali, blanketi lisipande usoni, na aliyekunywa pombe asilale naye.

Bibi yetu ana miaka 80, analala peke yake, anasema hasikii baridi.

Huyo ndo wa kuangalia zaidi. Uzee unapunguza ile hisia ya baridi na hata kutetemeka kunakuwa kudogo, kwaiyo anaweza kupoa mpaka chini ya nyuzi 35 bila kulalamika. Mpeni godoro la kutosha, soksi, kofia, mjukuu alale chumba kimoja naye. Asubuhi msikilizeni anavyoongea. Akiwa anaongea maneno yasiyoeleweka, amelegea, tumboni wa baridi hata chini ya nguo, na hatetemeki tena, msimsugue mikono na miguu wala msimuogeshe maji ya moto, mbadilisheni nguo kama zina unyevu, mfunikeni kuanzia kifuani na tumboni, mbebeni taratibu amelala, mumlete hospitali muda huohuo.